Vipande vya Johnny Hodges: Ellington alinunua au alipora?

MTOA MADA
Wadau, Hodges alipuliza saksafoni ya alto kwenye bendi ya jazz ya Duke Ellington tangu 1928 hadi kifo chake 1970, ukitoa 1951 hadi 1955 alipojitenga. Wanamuziki wakibuni vijipande vya tuni, bosi Ellington anavinunua kwa taslimu, wimbo unatoka kwa jina lake. "Never No Lament" ya 1940 hutajwa sana kuwa ilichipuka kwa Hodges. Ilipotiwa maneno ikawa "Don't Get Around Much Anymore", watunzi wakaandikwa Ellington na Bob Russell, mwandishi wa maneno. Huo ni wizi.

JIBU LA 1
Wizi ni neno kubwa, mkuu. "I'm Beginning to See the Light" ina jina la Hodges. Halafu kijipande si wimbo. Kuna kukitafutia daraja, yaani sehemu ya kati ya wimbo, kuna kugawa sauti kwa saksafoni tano (tangu Ben Webster wa saksafoni ya tenor aingie 1940). Wapangaji wengi wa muziki humpa mpiga baritoni, saksafoni ya sauti nzito, noti ya msingi basi. Ellington alikuwa anampa Harry Carney, mpiga baritoni wake, noti ya kuchokoza, mkusanyiko mzima wa noti zinazolia pamoja unabadilika rangi. Hiyo kazi nani alipe?

JIBU LA 2
Mnagombania noti, mali ya Hodges ilikuwa katikati ya noti. Sikilizeni "Passion Flower" ya 1941, tungo ya Billy Strayhorn, kwa hiyo ugomvi wa utunzi haupo. Hodges anateleza kutoka noti ya chini kwenda ya juu na husikii kiungo. Inafanywa hivi: unalegeza mdomo wa chini sauti ishuke, pumzi ibaki ileile. Kisha vidole vinainuka polepole, vifuniko vikiachia matundu nusunusu, na mdomo unakaza kidogo kidogo mpaka noti ya juu ikae. Wengi wanashusha taya. Ridi, kile kijiti chembamba kinachotetema mdomoni, inakosa egemeo, sauti inapwaya au inapiga mluzi, na kurudi kwenye noti hairudi. Wengine wanabana pumzi kwa woga, basi ngazi zote za noti zinasikika moja moja. Kuteleza kushuka kila mtu anaweza.

Sasa, sheria ya Marekani ilikuwa inalinda tuni na maneno. Rekodi zilianza kulindwa na sheria ya shirikisho 15 Februari 1972, Hodges keshazikwa. Na hata leo mtelezo wenyewe hausajiliwi.

MTOA MADA
Ndiyo maana husimuliwa alivyokuwa akimgeukia Ellington jukwaani, anasugua vidole kama anayehesabu noti. Za benki, si za muziki.

JIBU LA 3
Hodges alipojitenga bendi ilikuwa yake, nani alimpora? Kibao kilichouza ni "Castle Rock", na anayetamba mle ni Al Sears wa tenor, ndiye mtunzi pia. 1955 Hodges huyo, karudi kwa Ellington.

MTOA MADA
Kurudi kazini hakufuti deni.

JIBU LA 1
Karudi kwenye mshahara. Bendi kubwa nyingi zilivunjika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, za watu 15 au 16 hazilipiki kwa viingilio vya ukumbi. Ellington aliwabakisha wake kwa kuchota mrabaha wa nyimbo zake, hizo hizo tunazobishania.

MTOA MADA
Yaani Hodges alilipwa kwa hela yake mwenyewe. Asante kwa kunisaidia.