Tupeane uzoefu: Pikipiki ya njia za porini Kigoma na Tabora, wewe uliichaguaje?

Mgebuka Mkavu (mleta mada)

Wakuu, heshima mbele.

Niko Mwandiga, nina Boxer ya kazi inayonilisha na siiuzi. Natafuta pikipiki ya pili, zile ndefu za porini, ya kupandia Kalinzi kwa njia za mashambani kwenye migomba na kahawa, nitokee Mkongoro, na kiangazi nijaribu kufika Uvinza nikiikwepa lami kadiri inavyowezekana. Mashindano sina mpango nayo wala kuruka matuta. Vinjia vya ng'ombe na wachoma mkaa vinanitosha.

Nikiuliza mtaani naambiwa cc tu. Mwenye 125 anasema haitoshi, mwenye 250 ukimsikiliza vizuri anatafuta mteja. Wale walioendesha kweli huku kwetu na jirani zetu wa Tabora, semeni mlichukua nini, kwa sababu gani, na imewatendea nini. Nina futi tano na nusu, kilo sitini na kidogo. Picha za mtandaoni msilete, nimeshaziona zote.

Bwana Shamba Buhigwe

Weka tairi za kashata kwenye hiyo Boxer, hela inayobaki nunua ng'ombe wawili. Vijana wanapandisha gunia la mahindi na abiria juu yake mpaka Manyovu na hizo hizo.

Mrina Asali

Mwangaluka wakuu. Bwana Shamba, Boxer inafika kokote, hilo halina ubishi, ila uliza imefikaje na dereva yukoje jioni. Mimi mizinga yangu iko Sikonge ndani, ukiiacha lami pale Ipole unaingia kwenye mchanga mpaka uchoke. Ringi ya mbele ya inchi 17 yenye tairi la mtaani kwenye mchanga ule inazama na kujichimbia, usukani unakatika kushoto kulia, na mikono inakufa ganzi kabla hujafika kwenye mzinga wa kwanza. Nilipohamia Honda XR125, yenye ringi ya 19 mbele, ndipo nikaelewa kwa nini pikipiki za porini zinatengenezwa hivyo. Zile za porini zaidi zina 21. Tairi kubwa linapanda juu ya mzizi badala ya kuugonga.

125 inatosha? Kwa mtu mmoja na ndoo mbili za asali, inatosha. Kwenye mchanga nguvu siyo shida, shida ni uoga. Ukiachia mafuta tu imezama. Rudisha uzito nyuma, angalia mbali, endelea kuvuta. Upepo wa tairi nashusha mpaka PSI 18 hivi, nikirudi lami naongeza. Pampu ya mkono inakaa chini ya siti daima, maana ukishusha upepo halafu ukagonga jiwe kwa kasi tyubu inabanwa na ringi na kutoboka matundu mawili kwa pamoja.

Kitu kimoja ambacho wauzaji hawataji ni madigadi ya mbele. Kwenye pikipiki ya porini yako juu, mbali na tairi. Usidhani ni urembo.

Manonga Boy

Mrina hapo kwenye madigadi umenigusa. Huku Igunga mvua ikinyesha kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi, pikipiki za kawaida zinasimama zenyewe. Tope linajaa kati ya tairi na madigadi, linashindiliwa, tairi la mbele linagoma kuzunguka kabisa. Utakuta kijana kachuchumaa na kijiti anachokonoa, anasogea mita kadhaa, anachuchumaa tena. Wengine huyafungua madigadi wakayafunga kwenye keria. Yakiwa juu, tope linadondoka lenyewe.

Ila mbuga ikiloa sawasawa hata hiyo ndefu usiitegemee. Subiri pakauke, unywe chai.

Nesi wa Heru

Kaka Mgebuka, mwakeye. Naona hakuna aliyejibu suala la urefu, labda kwa kuwa wachangiaji wote ni wanaume na hakuna anayetaka kukubali kwamba miguu haifiki.

Mimi nina futi tano na inchi mbili, nazunguka vijiji vya Kasulu na masanduku ya chanjo. Kazini tulipewa Yamaha AG200. Siti yake iko kama sentimita 80 toka chini. XR150 iko kama 83. Honda CRF250L ni 87 na nusu, na zile za mashindano zinakaribia 95. Kwenye karatasi tofauti ni vidole vichache. Sasa nenda kasimame nayo kwenye njia ya kilimani inayoinama upande, pikipiki imezima, na mguu wa upande wa bonde unatafuta ardhi haupo. Hapo ndipo unapoanguka, na unaangukia kule kule bondeni na chombo kinakufuata.

Nimejizoesha kuuweka chini mguu wa upande wa mlima tu. Hata kama ni upande nisioupenda, hata kama nimebeba mzigo.

Ukienda kununua, vaa viatu utakavyoendeshea, ikiwezekana gambuti kabisa. Keti, acha ididimie kwa uzito wako, kwa sababu shokapu laini zinashuka na siti inakuwa fupi kuliko ilivyoandikwa. Angalia na upana wa siti. Siti pana inatanua mapaja na kukula urefu wa mguu. Halafu ilaze chini kabisa, uiinue peke yako. Muuzaji atakunja uso, mwache akunje. Ukishindwa kuiinua kwenye sakafu ya duka lake, kule Kalinzi kwenye utelezi utafanyaje?

Mgebuka Mkavu

Dada Nesi, asante sana. Hilo la kuilaza sikuwahi kulifikiria. AG200 mnazisifu lakini mbona zinaonekana za kizee?

Nesi wa Heru

Za kizee ndiyo, zimetengenezwa kwa ajili ya wafugaji. Cheni yake imefungiwa ndani ya kava zima, vumbi na tope havioni ndani. Ina stendi pande zote mbili, kwa hiyo kwenye mteremko unachagua upande wa kuiegemeza. Breki ni za dramu mbele na nyuma, kwenye matope hazina habari. Mbio haina. Wanaoitaka mbio wananipita Mwilamvya, nawakuta mbele wanafunga cheni.

Tustroki Milele

Nyote mmezunguka. Yamaha DT125 ya zamani, ya tustroki, ile injini inayounguza oili pamoja na petroli, mambo yameisha. Nyepesi, inaruka ukiigusa, injini yake mtu anaifungua chini ya mwembe. Kibondo tulikuwa nazo tangu enzi za miradi na mpaka leo ipo inayotembea. Hizi za foo-stroki zinapanda mlima zikiguna.

Spoku Nane

Nimekuwa nikisoma kimya, sasa Tustroki kaniita. Mimi ni fundi, kibanda changu kiko Mwanga hapa Kigoma.

DT na AG100, ambayo nayo ni tustroki ya Yamaha, ni injini nzuri, sibishi, na kweli zinapanda. Lakini mleta mada anasema anapanda Kalinzi, na kilichopanda kitashuka. Injini ya tustroki ukiachia mafuta haikushikilii, inateleza tu, kazi yote inabaki kwenye breki. Foo-stroki ukiweka gia ya pili na kuachia mafuta inajizuia yenyewe, na mteremko mrefu unafika chini breki zikiwa bado breki. Jambo la pili ni oili. Zile Yamaha zina tangi dogo la oili na pampu inayoipeleka yenyewe. Zikizeeka, pampu inachoka au mwenyewe anasahau kujaza, pistoni inashika bloku, umekwama. Wengi hapa wameing'oa pampu wanachanganya oili kwenye petroli kwa kukadiria na kizibo cha chupa. Ukikuta moja iliyong'olewa pampu, uliza wamekuwa wakichanganya kiasi gani. Akisema "we weka tu", ondoka.

Sasa niseme la maana zaidi, kwa sababu naona huko ndiko mleta mada anakoelekea. Pikipiki nyingi za porini zinazouzwa mkoa huu zimetoka kwenye miradi na mashirika, zile zilizokuwa na namba za DFP, zimeuzwa kwa mnada zikiwa zimechoka. Nyingine ni nzuri kuliko mpya za bei ile ile. Nyingine ni chuma kilichopakwa rangi. Hivi ndivyo ninavyozikagua.

Kwanza kadi. Namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo, namba ya injini iko ubavuni mwa injini. Zisome kwa macho yako, zifute tope, zilinganishe na kadi. Zikitofautiana hata herufi moja usinunue, umiliki hautahamishika na siku ya kukamatwa utakuwa peke yako.

Halafu injini iwe ya baridi. Ukifika ukakuta imeshapashwa moto, ujue kuna kitu kinafichwa. Iwashe mwenyewe kwa kiki. Moshi wa bluu usioisha kwenye foo-stroki ni oili inaungua, ringi au valvu. Fungua kifuniko cha oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, pengine ilizama mtoni.

Inua tairi la mbele, shika shoko zote mbili, sukuma na kuvuta. Ikigonga, beringi za shingo zimekwisha. Nenda nyuma, shika tairi, lisukume upande kwa upande, utazisikia bushi za mkono wa nyuma. Pitisha kidole kwenye shoko za mbele, kikitoka na oili, sili zimekufa. Gonga spoku moja moja na spana ndogo: inayolia vizuri imekaza, inayotoa sauti ya mbao imelegea. Ringi ya spoku ikipinda nainyoosha. Ya kumwaga, isiyo na spoku, ikipasuka sina la kukusaidia.

Kuhusu cc, mtu wa kilo sitini anayetembea peke yake hana sababu ya 250. Kama mlima unakuchosha, badilisha sproketi ya mbele kwa iliyopungua jino moja. Hiyo ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma. Utapoteza mwendo wa lami na kupata wa mlimani, kwa bei ya chakula cha mchana.

Unyanyembe Trail

Ndiyo mimi mwenye 250, na siuzi. Nina CRF250L, niko Tabora mjini. Raha yake porini haielezeki, shoko zina safari ndefu na ringi ya 21 inameza kila kitu. Lakini nitamwambia mleta mada ukweli wa Kaliua na Urambo. Tangi ni lita 7.8. Ukiingia ndani huko petroli ni ya kwenye chupa za maji, na chupa hujui jana ilikuwa na nini. Yangu ina pampu ya mafuta ndani ya tangi na mfumo wa kupuliza mafuta badala ya kabureta. Siku moja nilinunua kwenye kibanda kimoja, mafuta yakawa na maji na takataka, ikazima katikati ya pori la miombo na mbung'o wananishughulikia. Nilirudi mjini juu ya fuso la tumbaku. Mwenye kabureta angelegeza skrubu ya bakuli, akamwaga uchafu, akaondoka zake. Tangu siku hiyo nachuja kwa kitambaa cha soksi ya kike, mke wangu ananicheka.

Mwana Ujiji

Samahanini, na ile njia ya kwenda Gombe kwa pikipiki mtu anaanzia wapi?

Mrina Asali

Ziwani. Panda boti.

Bwana Shamba Buhigwe

😂😂 Mwana Ujiji, kule hakuna barabara inayoingia, na ni hifadhi ya taifa. Ukivumisha pikipiki kwenye masokwe utalala ndani.

Nami narudi kidogo kwenye kauli yangu ya ng'ombe, Spoku Nane kanishawishi kwenye ile ya sproketi. Nitaifunga kwenye Boxer.

Mgebuka Mkavu

Nimesoma yote, wengine mara mbili. 250 nimeifuta. Kuna mbili nimeonyeshwa Kasulu. Ya kwanza ni XR125, kadi ipo na jina ni la muuzaji mwenyewe, ila shoko ya kushoto imelowa. Ya pili AG200, nguvu nzuri, nimekaa miguu yote imefika, lakini kava la cheni wameling'oa na muuzaji anasema "halina kazi". Bei zinakaribiana. Fundi unaonaje?

Spoku Nane

Sili za shoko ni kazi ya nusu siku na siyo ghali, mradi bomba lenyewe halina kutu wala michubuko. Pitisha ukucha juu chini, ukikwama, sili mpya nayo italika. Kava la AG ndilo nusu ya sababu ya kununua AG, na kulipata huku ni kutafuta mpaka uombe kwa mwenye pikipiki iliyokufa. Mwambie kama halina kazi alilete tu tukalitupe sisi. Akilileta, angalia cheni: ivute kwa vidole pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikinyanyuka ukaona nusu ya jino, ni kubadilisha seti nzima, cheni na sproketi zake.

Jumamosi nakuja Kasulu kuchukua spea, tukutane stendi saa tatu. Muuzaji wa AG mwambie asiiwashe kabla sijafika.