HIMO (kazi za umma za mikono ya watu wengi badala ya mashine) ya bustani mlimani, Bukavu: wale wa CCC walipangaje watu wao?

Mwana_Kadutu

Jambo wandugu. Kartie yetu ina kiwanja cha karibu nusu hekta, mita 70 kwa 70, mteremko asilimia 30 hivi. Pembeni kuna korongo la mita 60 ambalo linapanuka kila mvua. Mfadhili amekubali kulipa watu 120 kwa siku 60 ili pawe bustani ya wote: njia, ngazi, mahali pa kukaa, miti. Kila mkutano kuna mtu anataja kambi za CCC (Civilian Conservation Corps, mpango wa serikali wa kuwapa vijana kazi za misitu na bustani) za Marekani za miaka ya 1930, ila hakuna anayeeleza zilifanyaje kazi. Wengi wanataka tuchimbe njia kwanza, tupande miti, mifereji ije mwishoni kama pesa itabaki. Mnasemaje?

Fundi_Mawe

Mifereji mwishoni? Basi bustani yenu itakuwa ziwani kabla ya Krismasi.

Anza juu kabisa. Chimba mfereji wa kukinga maji upande wote wa juu, mita 70, upana wa chini sentimita 50, kina 40 hadi 50, mwinamo wa asilimia 1 tu kuelekea korongoni. Ukizidisha mwinamo, maji yanaanza kuchimba mfereji wenyewe. Kipimo hakihitaji mashine: funga miti miwili kama herufi A, miguu iachane mita 2, kamba yenye jiwe ining'inie katikati. Weka kibao cha sentimita 2 chini ya mguu wa upande wa chini; kamba ikikaa kwenye alama ya katikati ya mti wa kukingama, hiyo ndiyo asilimia 1.

Lakini usiyaachie maji kabla korongo halijafungwa kwa vizuizi vya mawe. Umbali kati ya vizuizi ni kimo cha kizuizi kugawanywa kwa mwinamo wa korongo. Kizuizi chenye kimo cha sentimita 60 kwenye mwinamo wa asilimia 20 kinakupa mita 3, yaani vizuizi 20 kwa korongo lako. Korongo likiwa na upana wa mita 3, kila kimoja kinakula karibu mita 3 za ujazo za mawe. Hesabu 60 kwa jumla, ongeza kidogo kwa ajili ya mawe ya kutandaza chini ya kila kizuizi, pale maji yanapoangukia.

Vingi vinaanguka kwa makosa yaleyale matatu. Havikuzikwa kwenye kingo (ingiza sentimita 40 kila upande na chini), kwa hiyo maji yanazunguka pembeni. Havina shingo katikati: katikati iwe chini kuliko pembeni kwa sentimita 20 au 30. Na hakuna mawe pale maji yanapoangukia, basi mguu unalika, kizuizi kinalala.

Mwalimu_Lshi

Kuhusu CCC, kwa kuwa jina linatajwa ovyo. Sheria yake ilitiwa saini 31 Machi 1933, rais Roosevelt hajamaliza hata mwezi madarakani, na mpango ukafungwa 1942. Vijana karibu milioni 3 walipita humo. Walichukuliwa kwanza wa miaka 18 hadi 25, wasiooa, kwa dola 30 kwa mwezi, na 25 hivi kati ya hizo zilitumwa moja kwa moja kwa familia. Virginia ilifungua bustani zake 6 za kwanza za jimbo siku moja, 15 Juni 1936, na zote ni kazi yao. (Kazi za mijini, kama kingo za mto wa San Antonio, zilikuwa za WPA. Huo ni mpango mwingine wa serikali wa kuajiri watu, wa 1935.)

Jambo la kuiga ni namna kambi ya watu kama 200 ilivyogawanywa. Wizara ya Kazi ilisimamia uchaguzi. Jeshi liliwalaza, likawalisha na kuwalipa. Wataalamu wa misitu na wa hifadhi ndio waliosema jiwe liwekwe wapi. Mwenye daftari la majina hakuwa mwenye mita ya kupimia kazi. Huku kwetu kapita (msimamizi) mmoja anaita majina, anapima kazi, anagawa pesa, halafu tunashangaa orodha kuwa na watu ambao hawajawahi kushika jembe. Pia waliajiri mafundi wenyeji, watu wazima, wakawafundishe vijana.

Yasiyo ya kuiga: wanawake hawakupokelewa, na weusi walitengwa kwenye kambi zao. Na kwa wanaosema hata Wabelgiji walifanya vile: mdororo wa uchumi wa miaka hiyo ulipofika Katanga, Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, ilipunguza watu kwa maelfu, wengi wakarudishwa vijijini.

Fundi_Mawe

Niongeze hapo, maana hesabu ya mfadhili haikai sawa. Kiwanja kinapanda karibu mita 21. Njia ya kuzunguka-zunguka yenye mwinamo wa asilimia 10 itakuwa na mita 210. Kwa upana wa mita 1.5, kuikata kwenye mteremko huo ni kama mita 71 za ujazo. Mtu mmoja kwenye udongo mgumu anatoa mita 2 za ujazo kwa siku, kwa hiyo watu 36 wanaimaliza siku moja! Zidisha mara tatu kwa kusawazisha na kushindilia, bado ni kidogo mbele ya siku-kazi 7,200 (watu 120 mara siku 60) mlizonazo.

Basi weka watu kwenye mawe, kama CCC walivyofanya: kuta, ngazi na viti vya mawe ya hapohapo, yanayovunjwa kwa nyundo, pesa inabaki mikononi mwa watu badala ya kwenda kwenye saruji. Ukuta mkavu (wa mawe bila saruji) usizidi mita 1.5, msingi wa sentimita 30, upana wa chini angalau nusu ya urefu, uegemee mlima sentimita 20 kwa kila mita. Nyuma yake jaza mawe madogo, si udongo mtupu. Akija mtu na saruji, aache matundu ya kutolea maji; ukuta uliozibwa unasukumwa na maji mpaka upasuke. Ngazi: kimo sentimita 15 hadi 17, kina si chini ya 30, na pa kupumzikia kila baada ya vidato 10 au 12. Udongo mliokata usimwagwe bondeni, ujazeni nyuma ya kuta.

Na watu 120 kwa pamoja kwenye nusu hekta watakanyagana. Gawa makundi matatu ya watu 40, yaingie kwa zamu, hata kama siku-kazi zitapungua.

Mwana_Kadutu

Asanteni sana. Wakiingia kwa zamu za siku 20, si kila mara tutafundisha upya? Na miti lini?

Mama_Vetiva

Ndiyo, mtafundisha upya, ndiyo maana mafundi wa mawe na makapita hawaingii kwenye zamu. Hao wakae siku zote 60. Zamu ni ya wabebaji, wachimbaji na wavunja mawe. Wape kazi ya kipimo, mtu akimaliza aende, mama wengi wana soko mchana. Ila kipimo kinapimwa kabla ya malipo na mtu asiyeshika orodha, kama Mwalimu alivyosema. Na waambieni mapema kwamba hii si salongo (kazi ya jamii isiyolipwa), la sivyo shefu ataanza kuleta watu wa bure na waliosajiliwa watakaa chini.

Mawe na udongo: Juni hadi Agosti. Mimea: mvua za Septemba zikishatulia. Vetiva (nyasi yenye mizizi mirefu inayoshika udongo) kwanza, juu ya kila ukuta na kingo za korongo, mche kila sentimita 10 hadi 15 kwa mstari unaofuata kipimo kilekile cha A. Ukiacha nafasi ya sentimita 30, maji yatapita katikati na kutengeneza korongo jipya. Kisha miti ya kaliandra na grevilea. Mikaratusi hapana, chini yake nyasi huota kwa shida na udongo unabaki uchi.

Tengeni malipo ya watu wawili kwa mwaka mzima baada ya siku 60, wa kuzibua mfereji na kurudisha mawe. Hilo liandikwe kwenye mkataba kabla mfadhili hajatia saini.