Familia ya Mtwivila: Safari ya Bagamoyo

Dada Agnes: Kamwene wote. Shule zinafunga wiki ijayo na Noah imetoka gereji. Tunakwenda Dar kama kawaida au tubadilishe?

Shangazi Tumaini: Kamwene mwanangu. Dar tumeizoea. Foleni tu.

Baba Mdogo: Bagamoyo. Na Dar hatuigusi kabisa. Chalinze tunakata kushoto barabara ya Segera, Msata tunakunja kulia, lami mpaka mjini.

Mama Junia: Shemeji, kwenye kona za mlima Kitonga mtoto wangu ananitapikia kila safari 😩

Shangazi Tumaini: Asinywe chai ya maziwa asubuhi hiyo. Mpe tangawizi atafune, akae dirishani. Agnes ashuke taratibu, malori yatamsubiri.

Elia: Shikamooni. Baba mdogo, Bagamoyo si mambo ya Wajerumani tu? Makumbusho ya Kalenga tulikwenda na shule, fuvu la Chifu Mkwawa wa Wahehe nimeliona.

Baba Mdogo: Marahaba. Vizuri umeliona. Lilichukuliwa Ujerumani, likarudi 1954. Sasa sikiliza, maana hili nataka mlijue nyie watoto wa Iringa. Bagamoyo ndiyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani kabla hawajahamia Dar mwaka 1891. Mwaka huohuo, tarehe 17 Agosti, kamanda wao Zelewski akaja huku na jeshi lake, Wahehe wakamvizia Lugalo, akafia pale. Lugalo hiyohiyo tunayoipita tukienda Ilula kununua vitunguu!

Elia: Hiyo tumesoma.

Baba Mdogo: Ngoja. Zelewski huyo mwaka 1888 alikuwa Pangani, mtu wa kampuni ya Kijerumani. Alivyowatendea watu kule, na bendera ya kampuni aliyoipandisha kwa nguvu, ndiyo pwani ikawaka. Abushiri bin Salim akaongoza vita mpaka wakamnyonga hapohapo Pangani, Desemba 1889. Haikupita miaka miwili, Zelewski yuko Uhehe.

Elia: Kumbe ni mtu mmoja?? Darasani Abushiri ana mada yake na Mkwawa ana yake, hakuna aliyetuunganishia.

Baba Mdogo: Ndiyo maana nataka tushuke kwanza Lugalo penye mnara, halafu ndiyo tuteremke pwani. Mkiliona Boma la Bagamoyo, walilolijenga 1897, mjue Mkwawa alikuwa bado yuko porini anawasumbua. Alikufa 1898.

Dada Agnes: Mimi nataka magofu ya Kaole. Mliofika mnakumbuka yale makaburi yenye nguzo? Ukisogea karibu unaona vishimo vya mviringo kwenye chokaa, humo walipachika bakuli za Kichina. Msikiti wa pale ni wa karne ya 13, kabla ya Mjerumani, kabla hata ya Mreno. Nilisimama pale nikashindwa kuondoka.

Shangazi Tumaini: Na misheni jamani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika 1868. Mwili wa mmisionari Livingstone uliletwa pale Februari 1874, watumishi wake kina Chuma na Susi wameutoa Chitambo, Zambia ya leo, wanaubeba kwa miguu. Nikifikiria ile njia nawaombea hadi leo.

Mama Junia: Kulala je? Na chakula?

Dada Agnes: Nyumba ya wageni naulizia. Samaki tutanunua sokoni ufukweni, pweza wa kukaanga watoto watafurahi.

Elia: Bibi yuko hapa ananiambia niandike. Anasema na yeye anakwenda. Bahari hajawahi kuiona.

Shangazi Tumaini: Mama! ❤️ Huyo anakaa mbele, hakuna mjadala.

Mama Junia: Mto wa mgongo nitaleta mimi.

Baba Mdogo: Basi tuondoke saa kumi na mbili asubuhi Jumamosi. Lugalo kutakuwa kumepambazuka, na Mikumi tutapita mchana, Bibi aone tembo. Agnes, pale hifadhini mwendo mdogo, faini ya kumgonga mnyama ni kubwa.

Dada Agnes: Sawa baba. Hela ya mafuta mnitumie kwenye simu kabla ya Alhamisi. Masweta ni ya mpaka Ilula tu, nguo nyepesi ziwe juu kwenye begi.