Naomba ushauri: foamu ya kutandika sakafu ya boti

Wakuu, naombeni mawazo yenu. Nina boti ndogo ya faibaglasi. Sehemu ya nyuma penye usukani iko wazi, jua na maji ya chumvi vinaipiga kutwa. Rangi ya kuzuia utelezi imeshakwisha, na juzi nimeteleza na ndoo ya chambo mkononi, goti bado linauma. Zulia la kebini nalo nimelibandua: chini lilishaoza, linanuka kama soksi iliyosahaulika ndani ya buti.

Nimeamua kuweka foamu ya EVA (aina ya plastiki laini kama sponji), ile yenye gundi mgongoni, kwa kuwa vitundu vyake vimefungwa na hainyonyi maji. Kinachonichanganya ni unene. Nje nafikiria milimita 6, ila mfuniko wa injini una nafasi finyu, nahofia hautafunga sawasawa. Ndani natembea peku, natamani nene zaidi, lakini dari iko chini na kichwa changu kimeshaigonga vya kutosha.

Rangi je? Mke wangu kang'ang'ania kijivu cha mkaa. Najua rangi nzito juani huunguza nyayo, ila nyeupe nayo itaonyesha kila tone la damu ya samaki.

Mlioitumia misimu kadhaa, kona zinabanduka? Miguu ya viti na ndoana zimeiacha katika hali gani? Na gundi ya zulia la zamani mliitoaje? Nimejaribu asetoni na kikwangulio, kipande cha ukubwa wa kiganja kimenila saa nzima.