Makumbusho ya Majimaji Songea, darasa la sita wataelewa?

mwalimu_nyanda: Habari wadau. Nataka kuwapeleka wanafunzi wangu Songea makumbusho ya vita ya Majimaji dhidi ya Wajerumani, maana darasani wamesoma Kinjekitile, yule mganga wa Ngarambe na maji yake ya dawa, basi wanadhani vita iliishia Rufiji na Umatumbi. Wenyeji nisaidieni, kuna nini cha kumshika mtoto, na kwa nini Nduna (kiongozi wa vita wa Wangoni) Songea Mbano kazikwa peke yake?

Mngoni_halisi: Karibu sana mwalimu. Waanzie nje, wasikimbilie mikuki na ngao. Nje kuna sanamu za manduna na kaburi la pamoja la walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, akiwemo Nkosi, yaani chifu mkuu, Mputa Gama mwenyewe, wote shimo moja. Nduna Songea alinyongwa siku chache baadae, wazee wanasimulia Mjerumani alitaka kumwacha hai akagoma kabisa, akataka awafuate wenzake, ndo maana kalala pembeni. Na ukoo unasema pale kuna kiwiliwili tu, kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Novemba 2023 akaomba msamaha palepale Songea na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu, ni jambo kubwa sawa, ila ukoo unataka kuzika mtu wao.

binti_ruvuma: Mwalimu nakuomba usiiache njaa!! Watoto wengi wanatoka pale wanakumbuka kitanzi tu. Watu walichoka kulimishwa pamba kwa lazima na viboko juu, wakaamka 1905, sasa Wajerumani kuona vita ya msituni haiishi wakaanza kuchoma mashamba na maghala ya chakula, kijiji kwa kijiji, makadirio mengine yanafika watu 300,000 na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, ni njaa na magonjwa. Mkiwa pale kaburini waulize hao watoto, mama aliyebaki na wanae 1907, ghala limeungua na mbegu hana, alipika nini? Mimi hilo ndo linaniuma kuliko yote na ndo halina sanamu.

mwalimu_nyanda: Dah, asante, hilo swali nalichukua. Nije kwenye kumbukizi za Februari au siku ya kawaida?

Mngoni_halisi: Kumbukizi ni nzuri, kuna wazee na ngoma za Kingoni, ila watu wanajaa sana, watoto hawatapata muda na muongozaji. Njoo Machi katikati ya wiki, na utoe taarifa mapema kama mko wengi.