Mrejesho: laptopu iliyokuwa inagonga "tik tik"

Wakuu, salaam. Wiki mbili zilizopita niliomba ushauri kuhusu laptopu yangu iliyokuwa inachukua dakika kumi kuwaka, huku ikitoa mlio wa tik-tik-tik chini ya kiganja cha kushoto. Mliniambia diski inakufa, niizime na nisithubutu kupiga windo (Windows) upya. Asanteni sana, mliniokoa.

Fundi wa kwanza Kariakoo alitaka kuifomati palepale. Nikakataa, mle ndani kuna picha za marehemu mama.

Wa pili alikuwa mtu wa utulivu. Alifungua skrubu, akachomoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake kwa waya wa USB, kisha akanigeuzia skrini. Sekta zilizohamishwa, yaani vipande vya diski vilivyoharibika na kuwekewa mbadala, zilikuwa 312. Tukiwa bado tunaangalia, zikafika 320. Moyo ulinilipuka. Akasema hapa hatutengenezi kitu, tunanakili kwanza. Alitumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, inayochota kwanza sehemu zilizo salama, halafu ndipo inarudia zile mbovu. Ilikesha usiku kucha.

Asubuhi akafungua folda ya mama. Picha zote zipo, hata ile amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Nililia pale dukani, sioni aibu kusema. Zilizoharibika ni video mbili tu.

Nimefunga SSD (diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya GB 256, inchi 2.5, imeingia palepale pa zamani. Jumla na ufundi, shilingi 130,000. Sasa inawaka haraka, kimya kabisa. Nakala ya picha nimempelekea dada Morogoro.