Naomba ushauri: reinkoti nzuri kwa anayeenda kazini na skuta

Wakuu habari zenu. Natembelea skuta kwenda job, Mbezi Mwisho mpaka Posta, na masika ndo haya yameshaingia, sasa naomba mnishauri reinkoti ya maana manake hizi za plastiki za bei chee nimezichoka. Nje maji hayapiti kweli ila ndani unaiva, jasho tupu, ukifika ofisini shati limeloa vilevile sasa hapo umejikinga nini? Halafu kwenye skuta shida ni ule mkao, maji yanatuama mapajani afu yanapenya taratibu kwenye zipu na ule mshono wa katikati ya suruali, ukisimama kusubiri lifti watu wanakuangalia vibaya 😂

Poncho sitaki kabisa, upepo ukiingia kwa chini inageuka tanga la ngalawa na Morogoro Road ina malori.

Naona mtandaoni kuna zilizoandikwa 10,000 mm (kile kipimo cha kitambaa kuzuia maji) na mishono imezibwa tepu kwa ndani. Aliyewahi kutumia aniambie, inahimili mvua ya lisaa lizima ukiwa spidi 60 au ni maandishi tu? Na vipande viwili ama ovaroli? Ovaroli naona kuivaa pembeni ya barabara mvua imeshaanza ni mtihani. Miguuni je, gambuti au zile kava za kuvalia juu ya kiatu, soli zake hazitelezi?

Bajeti laki na nusu, ikizidi sana laki mbili. Mwenye mzigo anicheki PM, saizi XXL tafadhali.